Kiingereza cha Mkwe Wangu

Siku niliyogundua kwamba Mmarekani anaweza kukosea Kiingereza, nilicheka mpaka nikashika ukingo wa meza. Nilikuwa Thika, kwenye saiba moja, duka la kutumia intaneti, iliyokuwa ghorofani juu ya duka la sare za shule, na kwenye kioo cha kompyuta mbele yangu palikuwa na imeli kutoka kwa mume wa binti yangu. Mwenye saiba alikuja mbio akidhani nimepatwa na kitu kifuani.

"Mzee, kuna nini?"

"Soma hapa, mama. Niambie kama ni macho yangu."

Alivaa miwani yake na kuinama. Midomo ilianza kutembea, kisha ikasimama.

"Huyu ni Mmarekani wa kuzaliwa?"

"Wa kuzaliwa. Yeye na baba yake na babu yake."

"Na ameandika 'i' ndogo? Kila mahali 'i' ndogo? Ngai!"

Nilicheka tena. Mke wangu alikuwa ameondoka miezi kadhaa kabla ya hapo na sikuwa nimetoa sauti ya namna ile tangu tumzike. Nilijisikia kama mtu aliyefungua dirisha lililokuwa limekwama. Lakini nikiendelea hivi msomaji atapotea, kwa hiyo afadhali nieleze kwanza jinsi mtu wa darasa la saba, mfanyakazi wa kiwanda cha ngozi, alivyojikuta akiandikiana na Mmarekani.

Tulikuwa tukiishi Gitothua, kule Ruiru, mimi na mke wangu. Kila asubuhi nilikwenda Thika kazini na kila jioni nilirudi na harufu ya ngozi mbichi ambayo sabuni ya kawaida haiiwezi. Tulijaliwa mtoto mmoja, msichana. Alikuwa na kichwa chepesi cha masomo, akapata nafasi ya kwenda kusoma Amerika, na huko akaolewa na mwanafunzi mwenzake. Mkwe wangu nilimjua kwa picha tu. Alikuwa mrefu, mwenye masikio makubwa, na katika kila picha alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu.

Mke wangu alifariki wakati wa mvua za masika, mwishoni mwa miaka ya tisini. Binti yangu hakuweza kuja kuzika. Makaratasi yake ya kukaa kule hayakuwa yamekamilika, na angetoka nje asingeruhusiwa kurudi kwa mume na mtoto. Alilia kwenye simu, nami nikashikilia ule mkono wa simu bila kujua la kumwambia. Mimi si mtu wa maneno. Matanga yalipokwisha na watu wakaenda zao, nilifunga mlango, nikakaa, na nikawa hivyo kwa muda mrefu. Watu wa mtaa walisema mzee amevumilia vizuri. Sikuwa nimevumilia chochote. Nilikuwa nimenyamaza tu.

Halafu ikaja barua. Binti yangu alikuwa na mimba ya pili na hospitali ilikuwa imeona kwa mashine kwamba ni msichana.

Kwetu jina la mtoto halichaguliwi kama kitambaa dukani. Linajulikana kabla mtoto hajaja. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Msichana wa pili huitwa jina la mama wa mama yake. Na si kumbukumbu tu, kama picha ya ukutani. Ni mtu mwenyewe amerudi. Ukimkuta mzee anabishana na mjukuu wa miaka mitatu mwenye jina la mkewe, utamsikia akisema, "Mke wangu, leo umenikasirikia nini?" na hakuna atakayecheka, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, na kwa bahati mkwe wangu alikuwa amemwita jina la mama yake mwenyewe. Hakujua kwamba amefuata mila yetu. Alimpenda mama yake, basi. Kwa hiyo huyu wa pili alikuwa wangu. Alikuwa mke wangu. Niliisoma ile barua nikiwa nimesimama jikoni, nikairudia tangu mwanzo.

Lakini upande wa pili wa karatasi binti yangu alikuwa ameandika hivi: "Baba, huyu ndiye wa mwisho. Daktari amenikataza kuzaa tena. Na mume wangu ameshachagua jina, jina la ua fulani la kwao, anafikiri litanifurahisha. Mimi nikianza kumweleza habari za Mama, nalia, na nikilia yeye anakubali kila kitu. Sitaki jina la Mama litolewe kwa sababu ya huruma. Wewe ndiye mzee wa upande wetu. Mwombe wewe. Mwandikie kwa Kiingereza, kwa imeli, kwa sababu barua ya posta itamkuta mtoto anatembea."

Nilikuwa na binti mmoja, na binti huyo alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki kuzaliwa. Kama jina halingeingia hapo, halingeingia popote. Nilihesabu hivyo na kesho yake nikaenda kuitafuta hiyo imeli.

Wakati ule saiba zilikuwa kitu kipya Thika. Vijana walizijua, lakini mimi niliogopa kuingia kwa sababu ya mikono yangu. Dawa za ngozi huacha rangi kwenye kucha, na kompyuta niliziona kama vyombo vya hospitali. Mwenye saiba alikuwa mama wa makamo kutoka Makongeni, aliyekuwa sekretari miaka mingi kwenye ofisi moja mpaka ofisi ikafungwa. Aliketi wima kana kwamba bosi alikuwa nyuma ya mlango. Aliitazama mikono yangu, akatazama kibodi, akasema, "Hizo vidole ziko sawa, mzee. Hapa kuna watu wanakuja na mafuta ya gari. Lakini wewe huandiki. Unaandika kwa karatasi, mimi napiga."

Ndivyo alivyofanya kazi. Mteja aliandika kwa mkono, yeye akapiga chapa kwanza kwenye kompyuta isiyounganishwa na simu, akasahihisha, akapanga, halafu ndipo alipofungua laini na kutuma. Hakuna kilichotoka kwake bila kunyooshwa. Alikuwa na sifa hiyo mjini. Watu walisema barua ya yule mama hairudi.

Nilimpa karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika kama tulivyofundishwa shuleni: mimi ni mzima, sijui wewe, salamu nyingi kama mchanga. Kisha nikaomba jina. Aliisoma, akanitazama kwa huruma, akaanza kupiga. Vidole vyake vilikimbia hata sikuweza kuvifuata. Alipomaliza alinigeuzia kioo.

Salamu zangu zilikuwa zimeondoka. Juu kabisa palikuwa na zile herufi RE, ambazo watu wa ofisi huweka kuonyesha barua inahusu nini, na baada yake, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: REQUEST FOR ALLOCATION OF NAME TO FEMALE CHILD. Ombi la kugawiwa jina kwa mtoto wa kike, kana kwamba naomba ploti. Chini yake niliambiwa kwamba nilikuwa nikirejelea jambo lililotajwa hapo juu, na kwamba ningeshukuru kupata jibu lake mapema iwezekanavyo. Mwisho, wako mwaminifu, jina langu lote, na herufi za jina la mpiga chapa.

Nitasema ukweli: niliipenda. Ilionekana kama barua ya mtu mwenye shamba la kahawa. Nilimuuliza tu, kwa sauti ya chini, "Sasa hii si kali kidogo kwa mkwe?"

"Mzee, huyo ni mtu amesoma. Akiona Kiingereza imekaa vibaya atakuheshimu? Wacha aone vile Thika tunaandika."

Ikatumwa. Tangu siku hiyo, kila nilipotoka kazini nilipanda zile ngazi kabla ya kurudi Ruiru. Mama wa saiba aliniona mlangoni akatikisa kichwa: bado. Nami nikashuka. Ajabu ni kwamba sikuhuzunika. Nilikuwa na mahali pa kwenda. Nilikuwa na kitu cha kungojea, na mtu anayengojea hawezi kuwa amekufa kabisa. Hata kazini walianza kuniuliza mbona nanyoa ndevu.

Ndipo ikaja ile siku ya kucheka. Hakukuwa na herufi kubwa hata moja katika imeli ya mkwe wangu, labda mbili. Nukta zilikuwa zimemwishia. Neno la "wewe" alikuwa ameliandika kwa herufi moja. Kile kialama cha juu kinachofanana na ukucha, ambacho mwalimu wetu alitupigia fimbo kwa ajili yake, hakukitumia hata kidogo. Mama wa saiba alikuwa anafuata mistari kwa kidole, akiguna.

"'Dont'. Hakuna kitu hapo juu. 'Alot', ati neno moja! Na hapa, ona, amechanganya 'there' na 'their'. Mzee, mimi nilipigwa kofi kwa hiyo. Kofi ya kweli!"

"Labda alikuwa na haraka."

"Haraka ya wapi? Hii lugha ni yao! Kama wenyewe hawaitaki, si wangetuambia mapema?"

Kwenye kompyuta ya pembeni alikuwako mama mmoja muuza viatu, aliyekuwa akimwandikia dada yake aliyeko Uingereza. Alijivuta na kiti chake na kuchungulia.

"Kumbe hata wao! Na mimi nimekaa hapa nusu saa naogopa kuandika 'receive'."

"Andika tu," nikamwambia. "Andika vile inakuja."

Sijui ujasiri huo nilitoa wapi. Miaka yote ile, msimamizi wetu alipotusemesha Kiingereza kiwandani, nilijibu kwa kichwa. Nilidhani Kiingereza ni kama mashine ya kukata ngozi, ukikosea kidogo unapoteza kidole. Kumbe mwenye mashine mwenyewe anaiendesha akiangalia pembeni, na vidole vyake viko vyote. Nilifurahi kuliko inavyostahili mtu mzima. Nilitamani kurudi kiwandani niwaambie wote.

Tulipomaliza kucheka, mama wa saiba alianza kusoma tena, safari hii ili aelewe alichosema mtu. Sauti yake ikabadilika.

"Mzee. Huyu kijana ameogopa."

"Ameogopa nini?"

"Anauliza kama amefanya makosa. Anasema alionyesha barua yetu kwa mtu wa kazini kwake anayejua mambo ya sheria. Anauliza kama una wakili."

Tukatazamana. Mkwe wangu alikuwa ameandika kwamba hana nia ya kuvunja sheria yoyote ya ukoo wetu. Kwamba alikuwa na jina alilolipenda, na hakuelewa kwa nini hili lingine lilikuwa na uzito namna hii. Na chini, bila nukta, aliandika jambo nililoomba nisomewe mara mbili. Alisema kila akimuuliza mke wake habari za mama yake, mke analia na yeye anaacha kuuliza. Kwa hiyo hamjui kabisa huyo mwanamke. Alikuwa mtu wa namna gani? Hawezi kumpa mtoto wake jina la mtu asiyemjua.

Mwishoni binti yangu alikuwa ameingiza mstari wake wa Kiswahili: "Baba, nani aliandika ile kitu? Mtu wangu aliniuliza kama tuna kesi na wewe. Andika mwenyewe, vile unaongea. Na fanya haraka, siku zimekaribia."

Mama wa saiba alivua miwani. Hakuna mtu aliyewahi kuirudisha barua yake, na sasa ilikuwa imerudi kutoka Amerika.

"Haikuwa na kosa hata moja," akasema.

"Haikuwa nalo," nikamwambia, na ni kweli.

"Sasa utaandika nini?"

"Nitaandika mwenyewe. Kwa hii." Nikaonyesha kibodi.

"Kwa karatasi kwanza, halafu nipige."

"Hapana, mama. Ukipiga wewe, utanyoosha."

"Lazima ninyooshe! Hiyo kitu inatoka kwa saiba yangu, mzee. Watu watasema ni mimi."

"Watu gani? Ni mkwe mmoja, na yeye mwenyewe umeona anavyoandika."

Muuza viatu akadakia, "Mama, wacha mzee aandike. Si hata wakubwa wao huko wanakosea?"

"Wewe maliza 'receive' yako," mama wa saiba akamjibu. Lakini aliinuka. Alinipeleka kwenye ile kompyuta isiyo na laini, akanionyesha pa kubonyeza ili herufi iwe kubwa, kisha akaketi mbali na kunipa mgongo. Mgongo wenyewe ulikuwa umekasirika.

Nikaanza kutafuta herufi moja moja. Yapo maneno ambayo mtu huyabeba bila kujua yana uzito gani mpaka ayaweke chini. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote habari za mke wangu, kwa sababu wote walionizunguka walimjua. Huyu kijana ndiye mtu wa kwanza duniani aliyeniuliza alikuwa nani.

Nilimwambia kwamba alikuwa mfupi na alitembea kama amechelewa, hata alipokuwa anakwenda mtoni kukaa tu. Nilimwambia kwamba alipenda ukoko wa ugali kuliko ugali wenyewe, na kwamba katika miaka yote ya ndoa sikuonja ukoko nyumbani kwangu. Kwamba alichemsha majani ya mlimau na kuniosha mikono nayo jioni, nikiwa nimeketi kama mtoto, ili harufu ya kiwanda itoke kabla ya kula. Haikutoka. Tulijua wote wawili kwamba haitoki, na aliendelea hivyo hivyo. Nilimwambia kwamba kanisani aliimba kwa sauti kubwa na nje ya noti, na kiongozi wa kwaya alipomwomba apunguze, alihamia benchi la mbele. Kwamba alikuwa na hasira za haraka, na alishawahi kumtupia fundi wa bomba ndoo tupu. Sikutaka kumpaka mafuta. Kama kijana atampa mtoto wake jina hili, ajue na ndoo inakuja nalo.

Nilimwambia pia kwamba siku ya mwisho, hospitalini, aliniuliza kama nimekula.

Kiingereza changu kilikuwa kibaya. Wakati uliopita na uliopo niliukoroga pamoja, kwa hiyo pengine alikuwa amekufa na pengine bado anaimba. R na L nilizibadilisha kama tunavyozibadilisha mdomoni. Na ile kompyuta ilikuwa na tabia moja ambayo sikuitarajia. Kila nilipokosea neno, chini yake palitokea mstari mwekundu uliojikunja kama mnyoo. Minyoo ilijaa ukurasa mzima. Sikujali. Niliendelea tu, jasho linanitoka, nikiwa na furaha ya ajabu, kama mtu anayekimbia kuteremka mlima.

Halafu nikaandika jina lake. Chini ya jina mnyoo ukatokea.

Nilisimamisha mikono. Nikalifuta, nikaliandika tena taratibu, herufi kwa herufi. Mnyoo ukarudi.

"Mama," nikaita. "Hii mashine inasema jina lake ni kosa."

Alikuja. Nadhani alikuwa amejiandaa kuniambia kwamba alinionya. Alitazama ukurasa wote ulivyojaa nyekundu, akavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Kisha akaanza kusoma kutoka juu. Nilimwona akifika kwenye ukoko. Nilimwona akifika kwenye ndoo, na pua yake ikacheza. Alipofika chini aliliwekea jina kidole.

"Si kosa," akasema. "Ni vile mashine haijamjua."

Alichukua ile panya ya kompyuta, akabonyeza juu ya jina, pakatokea kijidirisha chenye maneno. Akachagua moja na kubonyeza tena. Mstari mwekundu ukatoweka. Jina likabaki jeusi, safi, peke yake katikati ya ule wekundu wote.

"Nimeiambia ikae nalo," akasema. "Sasa hata mtu mwingine akiliandika hapa, haitauliza."

Nilitaka kumshukuru. Yeye hakungoja. Aliihamisha barua yangu kwenye laini, akaweka kidole pale pa kutuma, akageuka.

"Hata 'hospitar' nisiguse?"

"Usiguse."

"Haya." Akafumba macho na kubonyeza.

Zile siku zilizofuata nilikuwa mtu wa hovyo. Kiwandani nilichanganya ngozi za mbuzi na za ng'ombe. Nyumbani nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilijiambia kwamba akikataa, ni haki yake, mtoto ni wake, na nilijua kabisa kwamba najidanganya. Kama angekataa, ningemzika mara ya pili, na safari hii bila watu.

Jibu lilikuja siku ya Ijumaa. Nilipofika juu ya ngazi sikuhitaji kuuliza. Mama wa saiba alikuwa amesimama mlangoni, yeye ambaye hasimami, na nyuma yake wateja wote walikuwa wameacha kuandika. Hakuwa ameifungua barua. Alikuwa ameona tu mstari wa juu, ule unaotaja barua inahusu nini, na hapo mkwe wangu alikuwa ameweka neno moja tu, kwa herufi ndogo tupu. Lilikuwa jina la mke wangu.

Nilikaa. Nilifungua mwenyewe. Mtoto alikuwa amezaliwa, mama mzima, mtoto mzima, nywele tele. Mkwe alisema alisoma barua yangu kwa sauti kwenye chumba cha hospitali, na mke wake alilia na kucheka pamoja, na akaanza hatimaye kusimulia: ile ndoo ilikuwa na maji, Baba amekuficha, haikuwa tupu. Lile jina la ua amelisogeza nyuma, likae la pili. La mbele ni hili. Alikuwa amekosea maneno mengi kuliko mara ya kwanza, na mama wa saiba, aliyekuwa akisoma begani kwangu, hakutaja hata moja. Alirudi nyuma, akaweka mkono kinywani, na yule sekretari aliyekaa wima miaka yote akapiga vigelegele. Mwenye duka la sare alipanda ngazi na mkasi mkononi kuuliza nani anaolewa.

"Kumezaliwa!" muuza viatu akamwambia. "Mke wa huyu mzee amezaliwa!"

Na yule mtu wa sare, bila kuuliza zaidi, akanipa mkono.

Sijui mpaka leo kama ni barua yangu iliyofanya kazi au ni binti yangu kucheka. Huenda kijana angekubali hata hivyo. Sitasema nisilolijua.

Imeli ilikuwa na ombi moja mwishoni. Jumapili, baada ya kanisa, wangepiga simu kwenye duka lililo karibu na kwangu Gitothua, kwa sababu walikuwa wameliandika jina lile kwenye cheti cha mtoto lakini mkwe hakuwa na hakika jinsi linavyotamkwa. Binti yangu alimwambia aniulize mimi.

Siku hiyo duka lilijaa. Wengine walikuja kununua sukari na mafuta ya taa, wengine walikuja kwa sababu habari ilikuwa imezagaa. Simu ilipolia mwenye duka alininyooshea kama anapitisha kitu cha moto. Laini ilikuwa na upepo ndani yake. Nilimsikia binti yangu, kisha sauti ya mwanamume, ya taratibu na yenye woga, ikaniita Baba kwa Kiswahili kilichopinda.

Akaniuliza: linasemwaje?

Nilifungua mdomo, na hapo ndipo nilipotambua. Tangu siku ya mazishi nilikuwa nikisema marehemu. Nilikuwa nikisema mama wa nyumba yangu, mwenzangu, yule. Jina lenyewe nilikuwa nimeliandika kwenye kompyuta, lakini halikuwa limepita kwenye koo langu hata mara moja.

Nikalisema. Lilitoka dogo, halikufika hata kaunta.

"Sisikii," akasema kwa Kiingereza chake.

Nikalisema tena kwa nguvu. Akajaribu kunifuata. Alilivunja katikati na kuliweka mkazo mahali pasipo na mkazo, na dukani mtu akaangua kicheko. "Hapana, hapana," akapaza sauti mama aliyeshika mtungi wa mafuta, "mwambie hivi," naye akalitamka kuelekea simu. Mwenye duka naye akalitamka. Muda si muda duka zima lilikuwa linamwita mke wangu, kila mtu akimsahihisha mwenzake, na mimi katikati yao nikilipaza kuliko wote, mkono mmoja sikioni. Huko mbali mtoto aliamka na kuanza kulia kwa hasira ya haraka.

"Amesikia," binti yangu akasema.

Mkwe wangu akajaribu mara nyingine. Lilikuwa limekaribia, lakini bado.

"Tena," nikamwambia.